Nyuzi Mbili za Tuda

Mwaka ule mvua ilikuja Novemba, ikabisha hodi,
ikakaa siku nne, ikaondoka bila kuaga.
Kufikia Machi kipimo kilisema milimita mia na hamsini na tatu.
Mengine yote yalikuwa umande na maneno.

Kazi yangu ilikuwa kalamu.
Injinia Ghizlane alikuwa na vigingi na kamba,
na vitalu arobaini vya shayiri juu ya shamba la Bassou,
huko nyanda za Atlasi ambako mto ni jina tu la bonde.
Kila kitalu kilikuwa na nambari, hakuna chenye jina.

Wakulima waliitwa waje na macho yao.
Kila mmoja alipewa nyuzi mbili nyekundu:
funga pale ambapo ungepanda.

Wanaume walikimbilia thelathini na moja.
Ilisimama wima, masuke ya safu sita,
na Bassou aliifungia uzi, akapigwa nayo picha.

Tuda hakukimbia.
Alipita kila kitalu akikipima kwa goti.
"Hii haifiki. Nitaivuna kwa nini, kwa meno?"
Nyingine alisugua ndevu zake kwenye mdomo wa chini:
"Kondoo wangu hawana midomo ya bati."
Alitafuna bua, akatema.
Aling'oa shina moja, Ghizlane akaguna,
akanusa mizizi, akairudisha ardhini
na kuikanyagia kwa kisigino, taratibu,
kama anayemfunika mtoto.

Kwenye kumi na saba alichutama.
Punje nyeusi, shina limeegemea upande,
rangi ya kitambaa kilichofuliwa mno.
Ilikuwa imechanua wiki mbili kabla ya jirani zake,
mithili ya mtu aliyesikia habari mbaya mapema
akafunga mzigo wake usiku.

Nikamwambia, kwa kuwa nililipwa kusema kweli:
mwaka jana, mvua ilipojaa, hii ilikuwa ya thelathini na nane.
Nikamfungulia daftari.
Tuda hasomi. Aliitazama karatasi
jinsi unavyotazama wingu lililokwisha pita.
"Mwaka jana," akasema, "kila mtu alikuwa hodari."

Akafunga uzi wa kwanza.

Wa pili aliupeleka kwenye nne,
ndefu, nyembamba, suke karibu tupu.
"Hiyo haina kitu," Ghizlane akasema.
"Ina mabua.
Sisi tunakula punje miezi mitano.
Kondoo anakula mabua mwaka mzima,
na kondoo ndiye anayelipa deni dukani kwa Yidir."

Jioni nilihesabu nyuzi.
Thelathini na moja ilikuwa imevaa kama bibi harusi.
Nne ilikuwa na uzi mmoja.
Kumi na saba ilikuwa na mitatu: wa Tuda,
wa mjane mwingine ambaye sikuandika jina lake,
na wa mtoto aliyependa tu weusi.

Oktoba tulimletea mifuko yake miwili,
mbegu safi, kila mfuko na karatasi yake.
Alitandika blanketi uani.
Akamwaga kumi na saba.
Akamwaga nne juu yake.
Akaingia ndani, akatoka na gudulia la mbegu za mama mkwe,
akamwaga nalo,
akachanganya kwa mikono yote miwili hadi kwenye viwiko.

Ghizlane alifumba macho.
Miaka minane ya kutenganisha, punje kwa punje,
na vumbi lake sasa lilikuwa kwenye nyusi za Tuda.
"Sasa utajuaje ipi imepona?"
"Nijue ili iweje?
Ikinyesha, baadhi zitanisalimu.
Isiponyesha, zitanisalimu nyingine.
Mimi nataka salamu."

Ghizlane hakujibu. Alipiga magoti pembeni mwa blanketi
akaanza kuokota vijiwe.

Kwenye daftari hapakuwa na safu ya jambo hili.
Niliandika kwa penseli: mchanganyiko,
nikafuta, nikaandika tena.

Njiani, gari likiruka mashimo,
niliona kwenye kunjo la ukurasa
punje mbili zilizonasa, moja nyeusi, moja nyeupe.
Sikuzipa nambari.